Chale: mnyonge asiyesema neno, na kwa nini bado tunamcheka

Redio haina picha, na filamu tunazozizungumzia leo hazina sauti. Hata tungetaka, tusingeweza kukurushia hewani. Lakini simu uliyoshika inazo, fupi na za bure, nyingine zikiwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Huenda umeshaona vipande vyake bila kujua vilikotoka: jamaa mwenye kofia ya duara, sharubu fupi kama mswaki, suruali pana, viatu vikubwa kuliko miguu yake na bakora mkononi, akitembea kama bata.

Jamaa huyo amewahi kuacha alama hata kwenye lugha yetu. Mtu wa vituko, anayependa kuchekesha wenzake, huitwa chale. Wengi wanaamini kwamba neno hilo limetokana na Charlie, jina la Charlie Chaplin, mwigizaji aliyevaa kofia na viatu hivyo. Fikiria ni waigizaji wangapi wa nchi za mbali ambao majina yao yamegeuka kuwa neno la kawaida la Kiswahili, likatumiwa na watu ambao hawajawahi kuiona hata picha moja ya mwenye jina.

Swali la makala haya ni dogo. Mtu huyu, asiyesema neno lolote, aliwapataje watu wa mbali hivi? Na kuna tofauti gani kati ya kicheko chake na vile vichekesho vinavyosambazwa siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp?

Mtu mwenye njaa na adabu zake

Chaplin alizaliwa London mwaka 1889. Wazazi wake wote wawili walikuwa waimbaji wa majukwaani. Baba alikuwa mlevi na alikufa mapema. Mama aliugua ugonjwa wa akili, akawa analazwa hospitalini mara kwa mara. Chaplin alipokuwa na miaka saba aliingizwa kwenye nyumba ya maskini, taasisi iliyowapa mafukara chakula na pa kulala, pamoja na masharti mengi na aibu. Baadaye alijiunga na kundi la vichekesho, akasafiri nalo hadi Marekani, na mwaka 1914 akatokea kwa mara ya kwanza mbele ya watazamaji wa sinema akiwa na ile kofia na ile bakora. Miaka miwili tu baadaye alisaini mkataba wa kulipwa dola 670,000 kwa mwaka, pesa ambayo karibu hakuna mwajiriwa mwingine duniani aliyekuwa akiipata wakati ule. Alizipata kwa kuigiza mtu asiye na hata senti.

Kuelewa ustadi wake, chukua The Immigrant, filamu ya mwaka 1917 isiyofika hata nusu saa. Nusu ya kwanza iko melini, ambako wahamiaji maskini wanafika Marekani. Sanamu ya Uhuru inapoonekana, maofisa wanawazungushia kamba kama ng'ombe wa mnadani. Ofisa mmoja anapogeuka, Chaplin anampiga teke la nyuma.

Nusu ya pili iko mgahawani. Chaplin ameokota sarafu barabarani, akaitia mfukoni, akaingia kula maharage. Mfuko umetoboka, sarafu imebaki nje na yeye hajui. Anamkuta ndani binti waliyesafiri naye melini, anamkaribisha naye ale. Mara mteja mmoja anakamatwa na wahudumu, anapigwa mpaka anatupwa nje. Chaplin anauliza kosa lake. Anajibiwa kwamba alipungukiwa senti kumi.

Hapo ndipo anapoingiza mkono mfukoni.

Dakika zinazofuata ni za mateso na za kicheko kwa pamoja. Sarafu inadondoka kutoka kwa mhudumu mwenyewe na Chaplin anaikanyaga kwa kiatu, anasubiri, anaiokota, analipa. Mhudumu anaing'ata: ni ya bandia. Kisha anakuja bwana mwenye pesa, mchoraji, anayetaka kuwalipia. Chaplin anakataa kwa heshima, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri anavyokataa mara ya kwanza. Anakataa tena. Anatazamia bwana yule aendelee kusisitiza, naye hasisitizi. Kila mtu aliyewahi kusema "hapana, asante, nimeshiba" akiwa na njaa, akitumaini mwenyeji atasema "kula bwana", anaijua sura ile. Mwishowe anajiokoa kwa chenji ambayo mchoraji ameiacha mezani.

Katika The Gold Rush, ya mwaka 1925, njaa ni kubwa zaidi. Wachimba dhahabu wawili wamefungiwa na theluji kwenye kibanda, hawana chochote cha kula, na Chaplin anachemsha kiatu chake. Anakipakua kama nyama ya sikukuu. Misumari anaifyonza kama mifupa, kamba za kiatu anazizungusha kwenye uma kama tambi. (Kiatu chenyewe kilitengenezwa kwa peremende nyeusi.) Watu wa tambarare za Same, ambako mvua ikigoma mahindi hukauka kabla ya kubeba, hawahitaji kuelezwa njaa ni nini. Kinachowachekesha hapo ni adabu. Mtu yule hana kitu, lakini anakula kiatu kwa heshima zote za mezani, na mwenzake mwenye nguvu, anayelalamika na kununa, ndiye anayeonekana mdogo.

Hawakuwa yeye peke yake

Chaplin alikuwa na wenzake. Buster Keaton alijulikana kwa kutotabasamu mbele ya kamera. Dunia ilimwangukia naye akaitazama tu. Hili la kuangukiwa si mfano wa maneno. Katika Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928, ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia, naye anasalimika kwa sababu amesimama pale dirisha lilipo. Ukuta ulikuwa wa kweli, unasemekana kuwa na uzito wa tani mbili, na nafasi iliyobaki kati ya mwili wake na fremu ya dirisha ilikuwa ndogo sana. Harold Lloyd naye, kijana wa miwani, alining'inia kwenye mshale wa saa juu ya ghorofa katika Safety Last! ya mwaka 1923, ilhali mkono wake mmoja ulikuwa umepoteza kidole gumba na cha shahada katika ajali ya bomu la maigizo mwaka 1919.

Halafu wapo Stan Laurel na Oliver Hardy, mmoja mwembamba, mwingine mnene. Wapare hutaniwa kwamba wako tayari kuuza ng'ombe ili kuendesha kesi ya kuku. Kama utani huo ungekuwa filamu, ingekuwa Big Business, ya mwaka 1929. Jamaa hawa wawili wanauza miti ya Krismasi nyumba kwa nyumba. Mwenye nyumba mmoja hataki. Tawi linabanwa na mlango wake, wanapiga hodi kulitoa, linabanwa tena. Yeye anakata mti wao. Wao wanaharibu kidogo mlango wake. Yeye anavunja taa ya gari lao. Kila upande unamsubiri mwenzake amalize kuharibu ndipo ulipe kisasi, kwa utulivu kabisa, kama watu walio mbele ya baraza. Filamu inapofika mwisho gari limekuwa vyuma chakavu, nyumba haina madirisha, na mti mmoja wa Krismasi umesahaulika. Askari polisi amekaa kando muda mwingi akiandika kwenye kijitabu chake.

Utaona katika filamu nyingi za zamani watu wanakimbia kama kuku waliotimuliwa. Sababu ni ya kiufundi. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi kwa picha 16 hivi kwa sekunde, na baadaye mashine za kuonyesha zilipokwenda kwa picha 24, kila kitu kikaongezeka kasi. Lakini hata siku zile wapiga picha walizungusha polepole makusudi ili mbio zionekane za kuchekesha zaidi. Tazama pia jinsi mwili mzima unavyoonekana, kichwa mpaka viatu. Siku hizi kamera humkaribia mwigizaji usoni. Chaplin aliiacha mbali kwa sababu alizungumza kwa mabega, magoti na nyayo.

Sauti ilipoingia kwenye sinema, kuanzia mwaka 1927, karibu kila mtu aliikimbilia. Chaplin aligoma kwa miaka kadhaa. Akisema Kiingereza, yule mnyonge atakuwa Mwingereza. Akinyamaza, ni wa kila mtu. Alipomwimbisha hatimaye, katika Modern Times ya mwaka 1936, alimpa wimbo wenye maneno yasiyo ya lugha yoyote.

Gari la sinema lilipopanda mlima

Reli ya kutoka Tanga kwenda Moshi ilipita Same, na miji hiyo miwili ilikuwa na majumba ya sinema. Aliyekuwa na nauli na pesa ya kiingilio aliweza kuona. Vijijini sinema ilifika kwa gari: jenereta, kitambaa cheupe kati ya nguzo mbili au ukuta wa shule, na kijiji kizima kimekaa chini.

Majaribio makubwa ya kwanza ya kutengeneza filamu kwa ajili ya wanakijiji wa Afrika Mashariki yalifanyika karibu sana na hapa. Ukisafiri kutoka Same kuelekea Korogwe, milima ya Usambara iko kushoto kwako, na huko juu kuna Vugiri. Mwaka 1935 hadi 1937 mradi ulioongozwa na Waingereza wawili, Notcutt na Latham, na kulipiwa kwa fedha za Marekani, uliweka makao yake Vugiri, ukatengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori Tanganyika na nchi za jirani. Mada ulizijua hata kabla ya kuambiwa: minyoo, kilimo, kodi, kuweka akiba posta.

Kuanzia mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikawa na kitengo chake cha filamu za makoloni. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba mtazamaji asiyesoma lazima aonyeshwe picha za polepole, bila hila za kamera, la sivyo atachanganyikiwa. Maofisa walipenda kusimulia kisa cha wanakijiji walioonyeshwa mbu mkubwa wa kujaza kitambaa, wakasema huku kwetu tumesalimika, hatuna mbu wakubwa hivyo. Kisa hicho kimesimuliwa miaka mingi kama ushahidi wa ujinga. Mimi nikikisoma nasikia utani wa mzee wa kijijini anayemchezea bwana mkubwa, na bwana mkubwa akaandika yote.

Ushahidi dhidi ya nadharia hiyo ulikuwa kwenye gari lile lile. Katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, magari ya sinema yalibeba pia vichekesho vya Chaplin ili kuvuta watu na kuwafanya wasiondoke. Vichekesho hivyo vina mbio na hila nyingi za kamera, picha hubadilika haraka, na hakuna aliyechanganyikiwa. Watu walicheka pale pale alipocheka mtu wa London.

Na walikuwa wakicheka nini? Kwenye filamu za mafunzo kulikuwa na sauti ya mtu anayejua, ikimwambia mkulima afanye nini. Mara nyingi hadithi ilikuwa ya watu wawili, mwerevu aliyesikia maelekezo na mpumbavu aliyeyapuuza. Kisha mafunzo yanakwisha, anakuja Chaplin, na sasa anayeanguka ni askari, tajiri, meneja, mhudumu jeuri. Katika Easy Street, ya mwaka 1917, mbabe wa mtaa anakunja nguzo ya taa kwa mikono kuonyesha nguvu zake. Chaplin, mdogo kama mtoto mbele yake, anakiingiza kichwa cha mbabe ndani ya taa hiyo hiyo iliyoinamishwa na kumfungulia gesi mpaka anazimia. Nguvu zake mwenyewe ndizo zilizomwangusha. Watoto waliokua na hadithi za Sungura na Fisi, au za Abunuwasi, walikuwa tayari wanaujua mchezo huo.

Maofisa waliuona kuwa mchezo wa kitoto, nadhani, na ndiyo maana ukapita.

Kicheko cha kwenda juu, kicheko cha kwenda chini

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Tanganyika ilipata filamu zake za Kiswahili, zilizotengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya Afrika Kusini. Inayojulikana zaidi ni Muhogo Mchungu. Mmoja wa waigizaji wa filamu za wakati huo alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, ofisa wa maendeleo ya jamii, ambaye mwaka 1962 angekuwa Waziri Mkuu. Muhogo Mchungu inamhusu mtu wa shamba anayekwenda Dar es Salaam na kukutana na matapeli wa mjini.

Watu waliipenda, na ni rahisi kuona kwa nini: lugha yetu, mitaa yetu, sura zetu. Lakini tazama kicheko kinaelekea wapi. Anayechekesha ni mshamba, kwa sababu ni mshamba. Hajui mji. Hiyo ni njia ya kale ya kuchekesha na bado ndiyo inayotumika zaidi: kwenye maigizo mengi ya televisheni mtu wa kijijini huvaa kaptula fupi, huongea kwa lafudhi nzito, hushangaa lifti. Ukiishi Chome au Vudee, wewe ndiye unayechekwa, na unalipia bando ili ujione ukichekwa.

Filamu bubu hazikuwa safi katika hili. Nyingi ziliwadhihaki watu weusi, na Keaton mwenyewe alijipaka rangi nyeusi usoni katika College ya mwaka 1927. Lakini zile bora zinamweka mnyonge katikati na kutulazimisha tuone dunia kutoka kwake. Anaanguka, ndiyo, tena mara nyingi, ila hachekwi kwa kuwa maskini. Tunacheka jinsi anavyotoka.

Upare una kisa chake cha namna hiyo, na hakikuwa kichekesho. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watu walitozwa kodi mpya juu ya ile ya kichwa, iliyopewa jina la mbiru, na kiwango kilitokana na makadirio ya mali ya kila mtu. Nani akadirie, na kwa kipimo gani? Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani, wakakusanyika Same kwenye ofisi ya serikali, na wakakaa. Hawakuchoma kitu. Walikaa, wakapokezana, wakakaa tena, na mgogoro ukaendelea kwa muda mrefu mpaka mbiru ikaondolewa. Ni vigumu kumshinda mtu asiyekupiga na asiyeondoka. Chaplin aliichezea hali hiyo kwa dakika ishirini. Wazee wa hapa waliiishi.

Kwenye simu yako

Waliomfuata Chaplin kwa kunyamaza ni wengi. Mr Bean, aliyeigizwa na Rowan Atkinson kuanzia mwaka 1990, haongei karibu chochote. Labda umemwona kwenye basi. Amri Athumani wa Tanga, yaani King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, aliongea sana, lakini uso wake ulimaliza kazi kabla ya mdomo. Na yupo Khaby Lame, mzaliwa wa Senegal aliyekulia kwenye nyumba za serikali huko Italia. Alipoteza kazi kiwandani mwaka 2020 wakati wa korona, akaanza kurekodi video fupi bila kusema neno: mtu anatumia njia ngumu ya kumenya ndizi, Khaby anaimenya kawaida, anakunjua mikono na kukutazama. Juni 2022 akawa mtu mwenye wafuasi wengi kuliko wote kwenye TikTok. Anaowacheka ni wajuaji.

Ukitaka kuanza, tafuta The Immigrant na Easy Street kwenye YouTube kwa majina hayo hayo, kisha One Week ya Keaton ya mwaka 1920: bwana na bibi harusi wanajenga nyumba ya vipande vilivyopewa namba, na adui yao amebadilisha namba. Aliyewahi kumlipa fundi asiyejua kazi atafurahi. Filamu hizi za kabla ya 1930 haki zake zimekwisha Marekani, ndiyo maana zimewekwa kwa wingi na bila malipo. Punguza ubora wa picha hadi 240 ili bando lisiishe. Zilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na kwenye kioo kidogo hutapoteza mengi.

Zima na sauti. Muziki unaousikia mara nyingi umeongezwa baadaye, na mwingine unachosha. Kila baada ya muda yatatokea maandishi machache ya Kiingereza kwenye ubao mweusi. Kama unatazama na bibi asiyesoma, usihangaike kumtafsiria mpaka akuulize. Mara nyingi utakuta ameshacheka kabla yako.